Sebule ya Papa Inazidi Kukua

Kijiji cha Kaseya, nyuma ya Kinsevere,
Haut-Katanga.
Tarehe 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Sylvain,

Nakusalimu kwa furaha ambayo hata kalamu inashindwa kuituliza. Habari za Liège? Tumbo lako limepona? Gaëlle ameizoea baridi, au bado analala na makoti mawili? Sisi huku wazima, ila mimi moyo unanidunda kama bibi harusi, na sababu yake ni Papa, baba yetu.

Unakumbuka alivyopata pensheni ya reli, akakataa kubaki nami mjini Naviundu, akaja kujenga huku porini. Kazi ya kukata kichuguu na kuchoma matofali alimpa Pierre, mtoto wa mama mdogo. Wapiga matofali wa kwetu huiacha sakafu ya kichuguu, pale anapokaa malkia wa mchwa. Hapaguswi. Papa akaona udongo wa chini unanata vizuri, akautaka wote. Pierre alimwambia, "Papa, ile ya chini tuache, haiko ya bantu," yaani si mali ya watu. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la mtu wa reli ndiyo kabisa.

Malkia hawakumkuta. Walikuta shimo, na mchana kweupe ndani yake mlikuwa na nyota. Papa akalifunika kwa bati, na udongo wa pale ndio aliojengea sebule yake.

Nyumba iliisha mwezi wa saba. Ukiizunguka kwa nje, ni hatua thelathini tu. Ndani, sebule ilianza na mita nne. Wiki ya tatu Papa alihitaji baiskeli kuufikia ukuta wa nyuma. Sitii chumvi, Sylvain. Siku moja akaondoka kwenda kuutafuta huo ukuta, na leo ni siku ya kumi na moja hajarudi. Pierre akaniita nije kumtoa.

Nilifika jana, nikapanga kusimama mlangoni tu nimwite. Nikaingia hatua mbili, nikamsikia mbali akiimba, na sauti yake si ya mzee tena. Nikaendelea. Nilipotazama juu, bati la paa halikuwepo. Zilikuwepo zile nyota, zote zikigeuka polepole kunitazama. Niliogopa mpaka nikalia. Kisha woga ukaniisha, nikaanza kucheka, na mpaka sasa ninacheka. Tangu tumzike Mama sijafurahi hivi, na hata magoti hayaniumi.

Papa ananiita niende kwake. "Kuya, mwana, huku iko muzuri. Mama yenu iko hapa, anapika." Na kweli, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo ya Mama, inanifikia.

Pierre naye anaita nyuma yangu, akiniheshimu kama dada mkubwa. "Yaya Germaine, toka, mulango inaenda mbali." Hasemi uongo. Nilipoanza barua hii niliuona mlango mzima, na sasa naufunika kwa kidole gumba. Nitaifunga barua kwenye kipande cha tofali nimrushie, ingali inaweza kumfikia. Usimlaumu, amekauka koo kwa kuniita.

Nisalimie Gaëlle, na watoto Syntiche na Mardochée uwabusu kwa niaba yangu. Shangazi Albertine mwambie ufunguo wa nyumba yangu uko kwa jirani. Mkitaka kuja, njooni wote, nafasi haitakosekana.

Mungu awalinde huko mliko, maana huku bado sijamwona.

Dada yako akupendaye hata kutoka huku,
Germaine