Kitambaa Kiko Nje

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kitale. Meja amepiga simu asubuhi. Kazi mbili. Ya kwanza: niandike somo la makuruta, kwa Kiswahili chepesi, namna ndege za kivita na askari wa miguu wanavyopigana pamoja bila kuumizana. Ya pili: maelezo yangu kuhusu kifo cha Koplo Matthew, yafike kwenye baraza la uchunguzi kabla ya tarehe 28. Zote mbili amezisema kwa sauti moja, utadhani anaagiza sukari na majani chai. Nimesema ndiyo, afande. Sijahisi kitu.

Dada Nimo ameuliza tena likizo yangu inaisha lini. Nalala chumba chake cha nyuma, hapa karibu na msikiti, tangu Desemba. Sijui, nimemwambia. Ati nikizidi kukaa ataniweka kaunta ya duka niwe napima mchele. Zamani ningecheka.

Jumatano, 9 Julai

Somo nimelianza. Ndege inakuja kwa kasi, rubani haoni mtu — anaona rangi na vivuli tu. Kwa hiyo chini lazima awepo mtu mwenye redio, ndiye macho ya rubani. (Mtu huyo ni mimi.) Anampa: adui yuko wapi, wetu wako wapi, aingie kutoka upande gani. Rubani anarudia yote. Akikosea nambari moja, mnaanza upya. Askari walio mbele wanatandaza kitambaa cha rangi ya machungwa, ile kali ya kuumiza macho. Maana yake: hapa ni sisi. Mwenye redio akikiona kwa macho yake mwenyewe anatamka: Nakiona. Ndipo amruhusu rubani. Asipokiona, hakuna ruhusa, hata rubani akitukana.

Limetoka vizuri. Ningejipa nane kwa kumi.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala mzee mmoja amenishika mkono. Pole, Sajenti Yakub, ajali haina kinga. Kila mtu na wimbo huohuo. Jamani, kinga ipo! Nimeiandika juzi, kurasa nne.

Jumanne, 15 Julai

Maelezo. Novemba iliyopita nilikuwa kilimani na redio. Matthew na platuni yake walikuwa mbele, mita mia tisa. Vumbi. Kitambaa sikukiona. Nikamuuliza kwa redio: kitambaa kiko nje? Akajibu: kiko, Sajenti, endelea. Nikaendelea. Bomu likaangukia kwao. Wenzake walikuwa mtaroni, wakapona. Yeye alikutwa nje, amevua shati. Kwa nini alivua shati, hakuna ajuaye.

Hapo nimeacha kalamu. Kuna jambo sijaliandika. Vitambaa vilikuwa viwili. Kimoja nilibaki nacho mimi. Cha pili alipewa Matthew, na hakijapatikana mpaka leo. Orodha ya vifaa ya Oktoba ina sahihi yangu: viwili, vyote vipo. Begi la Matthew sikulifungua. Ningelifungua vipi? Tumekula sahani moja miaka sita.

Meja anasema huenda kiliungua. Uliuliza, akakujibu, basi. Ananitakia mema, najua.

Alhamisi, 17 Julai

Hakuna cha kuandika. Nimo amepika pilau. Nimekula. Kama ilikuwa na chumvi au haikuwa nayo, sijui.

Jumapili, 20 Julai

Mama yake Matthew amepiga simu kutoka Bokoli. Mama Nekesa. Mwezi ujao wanajengea kaburi kwa simiti na ukoo wote utakuwepo. Anataka nisimame mbele yao niseme mwanawe alikufa vipi. Siku ya mazishi watu waliongea mpaka jua likageuka, anasema, na hilo hakuna aliyemwambia. Wewe ulikuwa na yeye. Kuja kwanza Jumamosi tuongee, mimi na wewe.

Nilikuwa na sababu tatu za kukataa. Zote zikanipotea, nikasema nitakuja.

Naogopa. Ni kitu cha kwanza kukihisi tangu Novemba.

Jumatano, 23 Julai

Somo nimelimaliza. Mstari wa mwisho: palipo pa kuona, usikubali kusikia. Meja kafurahi sana! Ati huyu mwandishi alikuwa amejificha wapi. Maelezo bado.

Jumamosi, 26 Julai

Bokoli. Nimefika saa nne na sukari na mkate niliounua njiani, Misikhu. "Kalibu, baba, kalibu." Mama mwenye umbo dogo, paji la uso ni la Matthew kabisa. Amenipa kiti barazani, chai, viazi vitamu.

Mbele ya jikoni maharagwe yameanikwa. Juu ya kitambaa cha machungwa.

Nimekitazama muda. Kamba kwenye pembe. Nambari kwenye pindo — niliijua kabla ya kuisoma.

Ameona ninavyokodoa macho. "Hiyo ni ya Matthew. Aliniletea likizo ya Septemba, nikilia ati mahalagwe inaoza kwa udongo. Akacheka, akasema, Mama, sasa hata ndege ikipita huko juu itajua hapa ni kwako."

Basi. Nilipouliza, hakuwa na cha kutandaza. Angesemaje hakiko, redioni, wote wakisikia? Cheo chake kingeenda, na changu kwa ile sahihi. Labda alitegemea sheria yangu: Sajenti asipokiona hataruhusu, kwa hiyo uongo hautamdhuru mtu. Kisha akasikia ndege inashuka. Shati! Alikuwa anapunga shati.

Matthew, ungesema tu hakiko! Na mimi ningengoja tu vumbi litulie.

Nikiandika haya kabla ya Jumatatu, nusu ya mzigo inanitoka. Lakini watakuja kukichukua kitambaa, na mama atauliza cha nini, na atajibiwa. Nisipoandika, wote ni wangu — na mwezi ujao nisimame mbele ya ukoo wake nidanganye.

Ameniuliza neno la mwisho la mwanawe lilikuwa lipi. Nimesema tukishakula nitamwambia. Amekubali, ameingia jikoni kuangalia kuku. Naandika hapahapa barazani, daftari kwenye goti. Mawingu yanateremka kutoka Mlima Elgon, meusi. Tone la kwanza limeanguka kwenye ukurasa.

Ametoka mbio. Ameshika pembe mbili, maharagwe yanamwagikia katikati. "Yakub! Mvula hiyo! Unaona kitambaa? Shika huko!"

Nimeitikia: nakiona, Mama. Mara mbili nimeitikia, na bado sijainuka. Ameinama pale, pembe mbili mkononi, ananingoja.