Kilo Kumi na Mbili za Tandiko

Al-Malqa, Riyadh
Alhamisi, 13 Novemba 2025

Mpendwa kaka Wesley,

Salamu nyingi kutoka kwangu binamu yako. Mgongo wako umepoa, ama bado unalala umekaa kwa gari? Mimi mwili uko sawa, namshukuru Mungu. Ashley wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, mama akanitumia picha. Nikacheka, halafu nikajifungia chooni nikalia kidogo.

Naandika kwa karatasi kwa sababu jambo hili nikilisema kwa simu sauti inakatika. Derrick, dereva wa baba mwenye nyumba, anakuja Jeddah kesho, atakupatia mkononi.

Unamkumbuka Lozi, yule farasi mdogo, poni wa Lamar, binti wa madam? Onesmus aliyekuwa akimtunza, kabla arudi Kenya, alinifundisha hesabu yake. Poni asibebe zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Lozi ana kilo mia moja na themanini, kwa hivyo mwisho wake ni thelathini na sita, mtoto pamoja na tandiko. "Trufena, ikipita hapo, halas, basi, hata mtoto akilia," akaniambia.

Nilifurahi sana kuachiwa kazi ya akili, mimi niliyeachia shule kidato cha pili. Kila Alhamisi nampima Lamar kwa mizani ya bafuni. Thelathini na moja. Namwambia madam, yuko sawa. Tandiko wakati huo lilikuwa kitambaa tu, kilo mbili hivi.

Mwezi wa tisa babu yake Lamar akaleta tandiko jipya la mbao na ngozi, limejaa vyuma vya kumetameta. Mimi nikaendelea kumpima mtoto. Tandiko sikulipima hata siku moja.

Lozi akaanza kuvuta miguu. Nikasema ni joto. Halafu siku ya wageni, mbele ya wajomba wote, akapiga magoti na Lamar mgongoni. Baba yake akacheka: "Yalla, shuka, gunia la mchele! Umemvunja mgongo!" Wajomba nao wakacheka. Wiki hiyo hiyo Lozi akauzwa, ati ni mvivu. Amenunuliwa na mtu wa huko Jeddah anayepandisha watoto kwa pesa ufukweni, karibu na Corniche.

Tangu hapo, kaka, Lamar hali. Ana miaka tisa tu. Anapanda mizani kabla ya chakula, anashuka, anasukuma sahani. Mizani inalia pii, nami naisikia hata nikiwa jikoni na bomba nimelifungua. Nikifagia banda tupu mchana kweupe, nasikia kwato nyuma yangu, polepole, za mnyama aliyelemewa. Nageuka, mafi, hakuna kitu.

Jumatatu nilichukua mizani ya ndoano, ile tunayopimia mabegi ya ndege, nikalining'iniza tandiko. Kilo kumi na mbili. Jumlisha mwenyewe.

Jana nikamwambia madam, Lamar akiwa hapo hapo. Nilijua anaweza kunirudisha kwa ajenti. Nikasema, "Madam, si mtoto. Ni tandiko, na kosa ni langu." Akalipima mwenyewe mara mbili, kisha akakaa chini sakafuni. Mpaka sasa hajanifukuza. Lamar hakunikasirikia, aliniuliza tu, "Trufena, bado anaumwa?"

Nikamwambia nina kaka Jeddah. Akala vijiko vitatu.

Sasa nakuomba, Jumamosi jioni teremka Corniche, si mbali na hapo kwenu Al-Baghdadiyah. Lozi ana rangi ya lozi, na sikio la kushoto lina doa jeupe. Mwambie huyo aliyemnunua: kilo thelathini na sita, tandiko ndani yake. Mtu mzima asimpande kabisa. Kisha simama umtazame Lozi akitembea. Mimi naamini utamkuta mzima. Nitumie video, huyu mtoto ale. Ukimkuta vibaya, niambie mimi kwanza.

Nisalimie Absalom unayekaa naye, na dada Lois wa Al-Rawdah mkionana kwenye maombi. Mungu awe mbele ya gari lako na nyuma yake.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukuombea,
Trufena

Nimesahau: ukimkosa, usinitumie picha ya poni mwingine ili kunituliza. Lamar atamjua. Hata mimi.