Mawele Yetu na Kwelea

Mbithe, mke mwenzangu,

Anayeandika ni binti yako, mimi kalamu siijui. Nimemwambia ayaache maneno yangu vile yanatoka, hata yakiwa mabaya.

Kwelea walikuja. Novemba korongo walizunguka juu kama kila mwaka, mvua ikafuata, nikapanda, mawele yakakua mpaka nikaanza kuringa. Halafu Januari, punje zikiwa bado na maziwa, nikaona lile wingu linalogeuka geuka juu ya mto. Wale wadogo, mdomo mwekundu. Unawajua.

Usichojua ni hiki: mlima mzima sasa ni mahindi. Majirani waliniambia, "Nyanya, watoto wako shule, nani atafukuza ndege? Mahindi hayaguswi na kwelea." Ni kweli. Kwa hivyo ndege wote walishuka kwangu. Zamani kila shamba lilikuwa na dungu lake na mtu juu yake. Tukiwafukuza wanaenda kwa jirani, jirani anawarudisha, kila mtu analiwa kidogo. Mwaka huu nilikuwa juu peke yangu na kombeo. Nikirusha jiwe huku, wanatua kule. Mbithe, walinicheka.

Kanisani sauti yako ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe. Lakini dunguni! Ndege walihama mpaka Mutomo. Siku ile nililetwa kwa mzee wetu, mke wa pili, nimenuna, ulinipa kombeo ukasema, "Ukitaka kunichukia, nichukie baada ya mavuno." Mavuno yakaisha, nikasahau kukuchukia. Sasa nani...

Nilirarua leso yako ya bluu, ile niliyoficha wasikuzike nayo, nikafunga masuke machache ndani ya vitambaa ndege wasiyafikie. Hayo tu ndiyo yamebaki. Mahindi ya majirani nayo yamekauka, mvua ilikatika mapema, hakuna wa kumcheka mwenzake. Wala hakuna wa kumwomba mbegu. Hii uliyotoka nayo kwa mama yako haiko kwingine.

Watu wananiambia nisage, ni uji wa asubuhi moja. Hawajakosea. Magoti yangu yamekwisha, na ndege hawazeeki. Sioni kama kuna kitu kitavunwa.

Lala, mwenzangu. Korongo wakirudi, mbegu yako nitaitia ardhini, na ikizaa nitakaa dunguni nikipiga kelele mpaka sauti iishe. Wakiila yote, waile nikiwa nimesimama.