Mwali Hachomwi, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze kusema bila salamu.

Mwali yupo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya hali ya mama. Chatu wako amejikunja bandani mwake, ametoka kujivua ngozi, anang'aa. Hapa Kwedizinga wanasema ndiye aliyekuua. Nimechoka kuwaambia ni presha, tena presha ya mtu aliyekuwa anaficha dawa zake chini ya godoro. Waseme.

Siku ya arobaini yako Baba mdogo alikuja kutoka Kerenge. Aliingia ndani moja kwa moja, kama kawaida yake, eti nyumba ya kaka yake haina hodi. Akaanza. Mtoto wa kike harithi nyoka. Achomwe, yeye na banda lake, nyumba isafishike. Alikuwa ametoka kuchinja kuku wa hitima, mikono imejaa damu na manyoya, akasema atamtoa mwenyewe. Nikampa kulabu yako ya kumshikia Mwali. Akanicheka, akasema hicho chuma ni cha waoga.

Laiti angekusikiliza hata siku moja. Banda likifunguliwa na harufu ya kuku ikaingia, kwa Mwali hicho ni chakula, hajui kama ni mkono wa mdogo wako au wa nani. Ndiyo maana ulinipeleka Hale kwa fundi wa kuchomelea, akakunja nondo ncha ikawa kulabu, nawe ukauzungushia mpini mpira wa baiskeli. "Piga hodi kwanza, Zaina." Namgusa mgongoni kwa kulabu, taratibu, mpaka kichwa akigeuze pembeni. Hapo anajua leo si kula, leo ni kubebwa.

Baba mdogo hakumgusa kwanza na kitu. Alipeleka mkono, Mwali akaudaka.

Sumu hana, lakini yowe lile lilifika barabarani. Nilimwambia asivute, nikammwagia Mwali maji kichwani mpaka akaachia. Watu wakaja na mapanga na dumu la mafuta ya taa. Mama akalia. Mimi nikasimama mlangoni pa banda, sikusogea. Nikanawa mikono kwa sabuni mbele yao. Nikamgusa kwa kulabu. Nikasubiri. Nikamwinua, mbele amelala juu ya chuma, nyuma nimemshika kwa mkono, nikampitisha katikati ya watu waliokuja kukuombea dua. Nikawaambia anayetaka kumchoma aanze na mimi. Nilikukumbuka vibaya sana wakati ule, Baba. Nilitaka uwepo uone.

Dumu lile lilirudi na mwenyewe, limejaa vilevile.

Jana Baba mdogo alikuja kumjulia hali mama. Kidonda kimepona. Alisimama nje kabisa, karibu na mihogo, akaita hodi. Nilimsikia vizuri tu. Nikamaliza kwanza kufuta kulabu yako, nikaitundika, ndipo nikamkaribisha.

Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema. Nikiwa hai, hakuna atakayemgusa Mwali bila hodi, wala atakayeingia kwa mama bila hodi.

Mwanao,
Zaina