A Yuko Wapi?

Shoga, shemeji yako amefukuzwa kwenye ule mtihani wa kompyuta za wingu, "cloud", aliokuwa akiufanyia nyumbani mtandaoni! Na kazi ilikuwa inasubiri cheti hicho!

Amekesha akikariri kuchagua A, B au C. Kumbe mtihani umebadilishwa: sasa unapanga hatua mwenyewe, herufi hakuna. Akapaza sauti, "A wangu yuko wapi?"

A WANGU YUKO WAPI! Msimamizi anayemwona kwa kamera akashtuka: "A ni nani? Zungusha kompyuta nione chumba."

Nyuma ya pazia, mama mkwe wangu amepiga magoti, anamwombea mwanawe.

Msimamizi akauliza, "Mama, wewe ndiye A?"

Naye ndiyo anamalizia dua: "AMINA!"

Mtihani ukafutwa hapohapo, eti kuna mtu mwingine chumbani. Mama mkwe bado anauliza, wingu gani hilo linalokataa maombi? Cheka wewe, mimi humu nyumbani siruhusiwi.