Kwa Mwanetu, Mwalimu Uliyeita Mahudhurio kwa Mikono

Mwaka umekatika, mwanangu, tangu ile homa ikuchukue. Watu waliniambia nitazoea. Sijazoea.

Ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, na ulikuwa mbishi. Chai yako ilipoa kila asubuhi kwa sababu ulikuwa bado unabishana na mtu. Vumbi la chaki ulikwenda nalo hadi kwenye harusi.

Ubishi huo ulikuwa na chanzo. Mimi nilisoma enzi ambazo mtoto akisema lugha ya kwao shuleni alivishwa kibao shingoni. Mdogo wangu, yaani mama yako mdogo, ni kiziwi. Yeye shuleni aliwekwa chumba cha nyuma, kando ya stoo, akasuka vikapu hadi akaacha shule. Ndiye aliyekufundisha lugha ya alama, mkikaa jikoni mkinisengenya mbele ya macho yangu.

Ulipopewa darasa, uliwatoa watoto viziwi kwenye chumba kama hicho ukawachanganya na wenzao. Kila asubuhi mahudhurio yaliitikiwa kwa lugha ya mtoto mmoja, leo ya huyu, kesho ya yule. Zamu ya kiziwi ikifika, darasa zima liliitika kwa mikono.

Nikakuambia, "Utafukuzwa kazi wewe!"

"Basi nitarudi kula kwako, mama. Anza kuongeza unga."

Mkaguzi alikuja siku ya mikono. Akauliza, "Viziwi ni wepi hapa?" Ukamjibu, "Chagua mwenyewe, mzee." Akamnyooshea kidole yule msemaji kuliko wote, mliyemwita Redio. Watoto walicheka mpaka naye akacheka.

Sasa nikupe habari. Ulipoondoka, mwalimu mkuu alisema hana mtu wa kuwafundisha viziwi, kwa hiyo warudi chumba cha nyuma, kila mmoja na kiti chake. Redio naye akabeba kiti.

Mwalimu mkuu akamuuliza, "Wewe unakwenda wapi? Si unasikia?"

"Nasikia, mwalimu. Lakini nikibaki huku nitapiga soga na nani?"

Darasa zima likamfuata. Chumba kikajaa, viti vikamwagika hadi uani. Mwalimu mkuu akasema, "Haya, rudini wote darasani."

Siku hizi mama yako mdogo huenda shuleni kumfundisha alama mwalimu aliyeshika nafasi yako. Anasema mwalimu huyo ana mikono mizito kama mtu anayekanda unga, ila hakati tamaa.

Darasa lako lipo, mwanangu. Ni wewe tu usiyekuwepo.

Unakumbukwa na mimi mama yako, baba yako, mume wako, binti yako ambaye naye ni mbishi, wadogo zako, na mama yako mdogo, aliyeniomba niandike kwamba anakusalimu kwa mikono yote miwili.

Tutakukumbuka kila siku tutakayoamka.