Ulivyokataa Kuambiwa Neno

Gachoka,
Jumapili alasiri.

Kwako Baba,

Pokeeni salamu zangu, wewe na Mama, kutoka huku kwenye joto. Natumai mguu wa kulia unazidi kupata nguvu, na kwamba bado unatembea hadi langoni asubuhi na jioni kama daktari alivyoagiza. Je, baridi ya Githongo imepungua? Mama aliniambia unavaa sweta mbili na bado hutaki kuondoka karibu na jiko. Mimi ni mzima. Mvua ilikatika mapema, ndengu zimekauka mashambani na watu wanazivuna. Vumbi linaingia hadi kwenye sahani, lakini afya ninayo na kazi ya kufundisha inaendelea vizuri.

Jumanne, nilipomweleza Mama kwamba chuo kimenikubali, alikupa simu. Nilisikia unavyovuta pumzi, kisha ukasema, "Andika." Ukamrudishia simu yake. Mama alidhani unataka kalamu. Mimi nilielewa. Najua simu inakuchosha tangu upatwe na kiharusi, maana maneno yanakwama na mtu wa upande wa pili anaharakisha. Barua unaisoma kwa mwendo wako, na ukitaka unairudia. Basi nimeketi kukuandikia yote, pamoja na yale niliyokuficha.

Nianze na hilo la kukuficha. Mwaka jana, mwezi wa nane, nilifanya ule mtihani ambao vyuo vya ng'ambo vinautaka kabla ya kumpokea mtu kwa shahada ya uzamili. Uliponiuliza kwa shida habari zake, nilikujibu kwamba haukuwa mbaya. Ulikuwa mbaya, Baba. Hesabu nilipita, lakini upande wa Kiingereza nilianguka vibaya, hata sikuona haja ya kutuma maombi. Nilijiambia kwamba nakuficha kwa sababu wewe ni mgonjwa. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Wewe umefundisha watoto wa watu Kiswahili kwa miaka mingi, halafu bintiyo anaanguka kwa sababu ya maneno. Nisamehe.

Wala si kwamba sikusoma. Nilipata kwenye intaneti orodha ya maneno elfu moja magumu ya Kiingereza, nikaenda Embu mjini kuichapisha, nikabandika karatasi ukutani chumba kizima. Neno lilikuwa upande wa kushoto, maana upande wa kulia. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nilisoma kutoka juu hadi chini. Jicho likiangukia neno, maana iko pale pale kando yake, nami najisemea kwamba hili nalijua. Siku ya mtihani ile maana ya kando haikuwepo. Niliyaona maneno yangu kwenye kompyuta kama watu ninaokutana nao sokoni kila mara lakini sijawahi kuwauliza majina. Nilijua nimewaona. Basi.

Nilipokuja nyumbani likizo ya Desemba, nilikuwa nimeamua kuachana na jambo hilo. Nilijua ninachotaka kusomea, ni ile tiba ya usemi anayokufanyia dada wa hospitali ya Meru. Lakini nilisema moyoni kwamba haikuwa riziki yangu.

Sijui kama unaikumbuka asubuhi ile ya ghala. Ulitaka kutoa mbegu za maharagwe, ukasimama mlangoni ukitafuta neno. Ulisema "mlango," ukatikisa kichwa. Ukasema "chuma," ukatikisa kichwa tena. Nilifungua mdomo nikusaidie, nawe ukaninyooshea kiganja. Mama alikuwa na kitu chenyewe mfukoni mwa aproni, na hakuthubutu kukitoa. Tulisimama hapo hadi sufuria ya chai ikafurika jikoni na hakuna aliyekwenda kuiepua. Mwishowe ukasema, "Ufunguo." Ulikaa juu ya gunia ukafuta jasho, na asubuhi ile Githongo ilikuwa na ukungu na baridi kali.

Alhamisi iliyofuata nilikusindikiza hospitalini, nikamsimulia yule dada. Alifurahi sana. Nayaandika aliyoniambia jinsi alivyoyasema: "Ukimpa neno, anakuwa ametumia la kwako. Akilitafuta mwenyewe akalipata, kesho halitamsumbua kama leo." Alinieleza pia kwa nini anakupa maneno machache tu kwa siku, kwa nini anayarudia kesho, kisha baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki, na kwa nini hakufundishi "jembe" peke yake bali anakutaka useme nani amelichukua jembe na amelipeleka wapi. Wewe ulikuwa umeketi hapo ukivaa viatu. Mimi nilikuwa nawaza kuta zangu za Gachoka.

Niliporudi nilibandua karatasi zote. Nikaanza upya na maneno manane kwa siku, si zaidi, hata nilipojisikia nina nguvu. Nilikata kadi kutoka kwa majalada ya madaftari ya zamani. Upande mmoja niliandika sentensi ya Kiingereza kuhusu mtu au kitu ninachokijua, nikaacha pengo. Neno lenyewe nililiandika nyuma. Kwa neno obdurate, ambalo ni ukaidi wa mtu asiyelegea hata umwombe vipi, niliandika habari za mbuzi wa mama mwenye nyumba anayekataa kutoka kwenye kunde. Kwa taciturn, mtu wa maneno machache, nilimwandika mwalimu mkuu wetu, na kadi hiyo sikuitoa nje ya nyumba. Nilikuwa nasoma sentensi, nafumba macho na kulitafuta neno. Sikugeuza kadi upesi. Mara nyingine nilikaa na pengo moja muda wote wa kumenya viazi. Niliyoyapata niliyatia kwenye bahasha ya siku tatu, kisha ya wiki. Lililonishinda lilirudi mwanzo, bila huruma.

Kuna mwenzangu hapa shuleni, Bwana Njeru, anayefundisha Kiingereza. Nilimwomba akague sentensi zangu wakati wa chai. Neno mitigate orodha yangu ilikuwa imesema ni kupunguza, nami nikaandika kwamba nimepunguza sukari kwenye chai. Alisoma akaweka kikombe chini.

"Neno hili hupunguza makali ya jambo baya," akasema. "Kwani sukari ni jambo baya?"

"Kwa baba yangu, ndiyo."

Alicheka, kisha akanifafanulia kwamba hata kwako neno hilo lingepunguza madhara ya sukari, si sukari yenyewe. Ndipo nikaelewa kwamba neno lina majirani zake, na usipowajua hao hujalijua. Kuanzia siku hiyo nilisoma makala moja fupi kila jioni, kuona maneno yakiwa kwao. Bwana Njeru alinionyesha pia jinsi yanavyojengwa, kwamba linaloanza na bene huelekea wema na linaloanza na mal huelekea ubaya. Nilimwambia hilo halikuwa geni kwangu. Nilikuwa Darasa la Nne ulipotuandikia ubaoni soma, someka, somesha, msomi, masomo, ukatuambia tukijua mzizi hatutahitaji kukariri matawi. Darasani nilikuita Mwalimu na nyumbani Baba, na nilikuwa nakuogopa zaidi ukiwa Mwalimu. Sikujua kwamba somo lile ningelihitaji ukubwani, tena kwa lugha nyingine.

Siku moja kabla ya kurudia mtihani, mwezi wa pili, nilikupigia simu. Ulitaka kuniambia kitu. Nilisikia "po," kisha kimya, kisha "po" tena. Zamani ningerukia na kusema, pole, au posho, au chochote. Nilingoja. Mama alikuwa kando yako na nasikia naye alingoja. "Polepole," ukasema. Nilikujibu ndiyo Baba, nikakata simu upesi ili usinisikie nikilia.

Nilifuata neno lako. Kwenye sentensi zenye pengo, nilifunika majibu kwa kiganja kwanza, nikasoma sentensi yote, nikaangalia kama kuna although, yaani ingawa, au kitu kinachogeuza mambo katikati. Kisha nikatafuta neno langu mwenyewe la kujaza pale, hata kama lilikuja kwa Kiswahili. Baadaye ndipo nilipoondoa mkono kutazama ni lipi kati ya majibu linalofanana na langu. Kuna mahali lilinijia "kigeugeu" kabla ya kuona lolote, na neno lenye maana hiyo lilikuwa la tatu. Mengine sikuyajua kabisa, nikayapita nikaenda mbele. Sikumaliza mapema. Nilimaliza na dakika moja mkononi.

Alama zilitokea hapo hapo kwenye kompyuta. Nilizitazama bila kusogea mpaka msimamizi akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa. Nikamwambia la, nimepona.

Barua ya chuo ilifika Jumanne wakati nikiwa maabara na Kidato cha Pili, wanatazama ngozi ya kitunguu kwa darubini. Wamenipa nafasi na ufadhili wa masomo, nitaondoka mwezi wa nane. Wasichana waliniona nimeshika meza wakadhani ni mvuke wa dawa, wakafungua madirisha yote.

Baba, kwa simu sikupata nafasi ya kukushukuru, kwa hiyo nataka uwe na shukrani hii kwenye karatasi. Ulipokuwa na nguvu ulinipa maneno. Ulipoyapoteza ulinionyesha jinsi ya kuyatafuta, mbele yangu na mbele ya Mama, bila kuona aibu, ilhali mimi nilificha matokeo ya mtihani. Nikimaliza masomo nitarudi kuifanya kazi hii huku kwetu, Meru au Embu, popote watakaponipangia.

Nisalimie bibi yetu, Cucu, na umwambie nitakuja kumchumia kahawa wikendi moja kabla sijasafiri. Msalimie shangazi wa Kinoru anayekulaza kwake siku za kliniki, na kaka yangu Mwenda pamoja na mkewe, maana wao ndio wanaokufikisha huko kila Alhamisi. Mama mwambie asianze kunifungia vitu, ndege ina kipimo cha mizigo.

Kuna jambo la leo ambalo nilitaka nikueleze mwisho, nikiwa sina haraka. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu ana baba aliyepatwa na kiharusi kama wewe, anaitwa Mzee Nyaga. Kwa miezi mingi hakutamka neno, na watu waliamini akili yake imekwenda, wakawa wanazungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Nilimpigia simu yule dada wa Meru kwanza, akaniambia wampeleke hospitali ya Embu, wakampeleka, na sasa wanangoja zamu yake ya tiba. Alinielekeza ninachoweza kufanya wakati huu wa kungoja. Basi kila Jumapili baada ya ibada nakwenda kuketi naye, tunashika kitu kimoja, tunakizungumzia. Hajawahi kunijibu ila kwa macho.

Leo mkewe alikuwa ameketi mlangoni akipepeta ndengu. Nilimwonyesha Mzee yule mama, nikamuuliza ni nani. Akamtazama. Midomo ikaanza kusogea, ikaacha, ikaanza tena. Hakuna aliyemtajia. Jua lilitoka kwenye ukuta likafika miguuni pake.

"Ciarunji," akasema.

Mkewe alisikia jina lake. Aliweka ungo chini akatoka nje, tukamsikia akipenga kamasi nyuma ya nyumba. Kisha akarudi, akavuta kigoda hadi magoti yao yakagusana, akamwambia kwa Kimbeere, taratibu, "Sema tena."

Nimetoka huko sasa hivi, Baba, na vumbi la njiani bado liko miguuni.

Ni mimi bintiyo, na mwanafunzi wako,
Kendi.